Betri Imekufa au Imelala?

Msimu wa pamba unapokaribia, magari mengi yaliyokaa chini ya miti huanza kuamshwa. Mwenye pikapu huko Kishapu anazungusha ufunguo. Anasikia "tik", basi. Taa haziwaki, honi hailii. Wapita njia wanamshauri: "Nunua nyingine, mzee." "Itie asidi, itaamka." Ushauri wa kwanza unaweza kumpotezea fedha bure. Wa pili unaweza kumpotezea macho.

Ndani ya betri ya gari dogo mna vyumba sita. Kila chumba kina vibao vya risasi vilivyozama katika asidi. Betri ikijaa, vyumba vyote kwa pamoja hutoa volti 12.6 hivi. Ikikaa bila kazi, umeme hupungua wenyewe, na katika joto la Shinyanga hupungua upesi zaidi. Umeme ukiisha, vibao huota ukoko mweupe, kama magadi yanavyotanda juu ya ardhi wakati wa kiangazi. Ukoko ukiwa mchanga, chaji huuondoa. Ukikaa miezi mingi huwa mgumu, na hapo hata fundi hodari hauwezi.

Basi anza na vichwa vya betri. Kama vina unga mweupe au wa kijani, huenda umeme upo lakini haupiti. Fungua kwanza waya wa alama ya kutoa (−), halafu wa kujumlisha (+). Ukianza na wa kujumlisha, spana ikigusa bodi ya gari itatoa cheche. Yeyusha magadi kidogo katika maji, sugua vichwa kwa mswaki mkuukuu. Utaona povu, maana magadi yanaua asidi. Lakini vifuniko vya betri viwe vimefungwa. Magadi yakiingia ndani yataiua betri yenyewe.

Sasa, kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, chungulia ndani kwa mwanga wa mchana. Usimulike kwa kibatari wala kiberiti! Vibao vikiwa vikavu, ongeza maji ya betri yanayouzwa madukani, yafunike vibao tu. Maji ya kisima yana chumvi, hayafai. Asidi usiongeze. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza nyingine inakuwa kali mno, inakula vibao. Na chupa za maji ya betri na za asidi hufanana sana. Soma maandishi kabla ya kumimina, na chupa zote ziwekwe mbali na watoto.

Halafu peleka betri kwa fundi ichajiwe polepole. Betri ya ampea-saa 60 yafaa ichajiwe kwa ampea 6 hivi, kwa saa 10 au zaidi. Fundi anayesema "rudi baada ya saa moja" ana haraka ya fedha yako. Wakati wa kuchaji hutoka gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara na moto viwe mbali, wala betri isichajiwe katika chumba cha kulala. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha nenda zahanati.

Betri ikishajaa, iache usiku mzima bila kuunganishwa. Asubuhi ipimwe. Ikiwa na volti 12.4 au zaidi, kuna matumaini. Ifunge, washa gari fundi akiwa bado anapima. Ikishuka chini ya volti 9 na nusu wakati starta inazunguka, hiyo imechoka. Hapo nunua nyingine, na utazame tarehe iliyopigwa juu yake, maana hata betri mpya huzeeka dukani.

Wengine huazima umeme kwa gari jingine. Si vibaya, lakini angalia unaazima kwa nani. Malori mengi makubwa yanayopita barabara ya Kahama na Geita yanatumia volti 24. Pikapu yako ni ya volti 12. Unaweza kuunguza nyaya, au betri ikapasuka usoni pako.

Na ile iliyokufa? Usiipasue, wala usiyeyushe risasi yake kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi na vumbi lake ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Huko Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya mtaa wa Owino Uhuru kiliwadhuru wakazi kwa sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo.

Kwa hiyo iuze ikiwa nzima, imesimama wima, asidi ikiwa ndani. Ulizia kwanza pale uliponunua mpya. Wauzaji wengine huipokea ile kuukuu na kukupunguzia bei.