Damu ya Anayedai Haki Yake kwa Amani: Mazingatio kutoka Loliondo na Ngorongoro

Himdi Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote. Swalah na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake wote.

Wazazi wa Unguja na Pemba wana maswali mawili ambayo hurudi kila nchi inapokuwa na joto la siasa. La kwanza ni la mwenye kijana anayetaka kutoka na wenzake kudai haki: je, akitoka bila ya silaha kisha akapigwa, damu yake ina hukmu gani? La pili ni la mwenye kijana aliyeajiriwa polisi: je, akiamrishwa kumpiga asiye na silaha, dhambi ni yake au ya mkubwa wake? Tumeona tuyajibu kwa kutazama mambo mawili yaliyotokea katika wilaya moja ya Tanzania Bara, kwani ndani yake mna mazingatio makubwa.

Kwanza: Yaliyotokea Loliondo, Juni 2022

Anayetoka Arusha kwenda Serengeti hupita mji wa Karatu, kisha akapanda mpaka lango la Lodoare, ambapo lami inaishia na Hifadhi ya Ngorongoro inaanza. Hifadhi hiyo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 8,292, ilianzishwa mwaka 1959. Wamasai waliotakiwa kuondoka Serengeti waliambiwa wataishi humo na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Kilimo kimekatazwa humo tangu 2009, hivyo mahindi yao hupandishwa kutoka Karatu na kwengineko. Kaskazini ya hifadhi, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, ndipo ilipo Loliondo.

Mwezi wa Juni 2022 Serikali ilipeleka vikosi Loliondo kuweka vigingi katika eneo la kilomita za mraba 1,500, ili litengwe kwa ajili ya uhifadhi. Wananchi wakakusanyika kupinga, wakisema hiyo ni ardhi ya vijiji vyao na ndiyo malisho yao. Tarehe 10 Juni zikapigwa risasi za moto na mabomu ya machozi. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa kiasi cha watu 30 walijeruhiwa kwa risasi. Wengine walivuka mpaka kwenda kutibiwa Kenya. Siku hiyo hiyo askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale. Watu zaidi ya 20 wakashitakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande kwa miezi, kisha mwezi wa Novemba mashitaka yakafutwa.

Tunayataja yote mawili, risasi na mshale, kwa sababu uadilifu ndio mizani yetu. Askari yule naye alikuwa na nafsi iliyoharamishwa, na ana familia iliyobaki na msiba.

Pili: Yaliyotokea Ngorongoro, Agosti 2024

Miaka miwili baadaye, kwa Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti 2024, kata 11 na vijiji 25 vya tarafa ya Ngorongoro vilifutwa katika orodha. Maana yake kwa mwananchi ni kwamba hana tena mwenyekiti wa kijiji wala diwani, na hana pa kupigia kura nyumbani kwake. Hayo yalikuja wakati familia nyingi zikihamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilisema uhamaji huo ni wa hiari, na kwamba watu na mifugo wamezidi uwezo wa hifadhi. Wakaazi wengi walisema huduma zinapunguzwa ili wachoke waondoke wenyewe.

Tarehe 18 Agosti maelfu yao, wanaume na wanawake, walitoka wakaketi katika barabara inayopitwa na magari ya watalii. Wakakaa kwa siku kadhaa, wakiomba dua kwa mila na dini zao na kushika mabango. Polisi walikuwepo. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa tangazo lile. Siku ya pili yake Waziri William Lukuvi akafika, akasimama mbele yao, akawaambia huduma zitarudi na haki yao ya kupiga kura ipo. Watu wakaondoka barabarani. Vijiji vikarejeshwa kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, na mwanzoni mwa 2025 Rais akaunda tume mbili za kuchunguza mgogoro wa ardhi na zoezi la kuhama.

Mgogoro wenyewe haukumalizika hapo. Lakini wilaya ni ile ile, watu ni wale wale na Jeshi la Polisi ni lile lile. Mara moja watu walijibiwa kwa risasi, matokeo yakawa majeruhi, maiti ya askari na kesi iliyofutwa. Mara nyengine walijibiwa kwa hakimu na waziri, na njia ikafunguka.

Tatu: Malisho, ‘Umar na mchungaji maskini

Huenda msomaji akasema: hao wengi wao si Waislamu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwani Allaah Ametuamrisha katika Suratul-Maaidah, Aayah ya 8, kwamba chuki kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu, seuze watu tusiokuwa na chuki nao. Na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alitahadharisha kuwa atakayemdhulumu asiye Muislamu aliye katika ahadi na amani, yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wake Siku ya Qiyaamah.

Suala la kutenga malisho pia lina asili katika historia yetu. Al-Bukhaariy amepokea kwamba ‘Umar bin Al-Khattwaab (Radhwiya Allaahu ‘anhu) alimweka mtumishi wake Hunayy kusimamia ardhi ya malisho iliyohifadhiwa kwa ajili ya wanyama wa dola. Alimuusia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, bali awazuie matajiri kama ‘Abdur-Rahmaan bin ‘Awf na ‘Uthmaan bin ‘Affaan, kwani hao wakipoteza mifugo wana mashamba na mitende. Maskini akipoteza mifugo atakuja na watoto wake kwa Khalifa, na haiwezekani kumwacha. Kisha ‘Umar akakiri kwamba watu wale huiona ardhi ile kuwa ni yao na kwamba wamedhulumiwa. Aliyatenga malisho kwa maslaha ya wote, na juu ya hivyo hakujifanya hasikii malalamiko yao.

Nne: Je, inafaa kutoka barabarani kudai haki?

Wanachuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Wapo waliokataza maandamano kwa kuhofia fitnah na umwagaji wa damu. Wapo walioruhusu kwa masharti: madai yawe ya haki, kusiwe na silaha, kusiharibiwe mali ya mtu, na madhara yasizidi maslaha.

Miongoni mwa dalili za walioruhusu ni Hadiyth aliyoipokea Abu Daawuwd. Mtu mmoja alimshitakia Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) maudhi ya jirani yake. Mtume alimuusia kusubiri, na aliporejea tena alimwamrisha atoe vyombo vyake aviweke njiani. Kila apitaye akauliza kuna nini, na kila aliyeambiwa akamlaumu yule jirani, mpaka jirani mwenyewe akaja kumwomba arudi nyumbani na kuahidi kuacha. Hakupigwa mtu wala hakuvunjwa kitu. Dhulma iliwekwa wazi mbele ya macho ya watu, basi ikaona haya.

Pamoja na hayo njia ina haki yake, kama tulivyofundishwa katika Hadiyth nyengine. Mgonjwa apite, mama mjamzito apite, na mpita njia asitukanwe. Anayejifungia njia akamzuia mgonjwa amekwishageuka kuwa dhalimu naye.

Tano: Mipaka ya nguvu

Sasa tuseme mtu amekosea sheria. Hakutoa taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla, kama Sheria ya Jeshi la Polisi inavyotaka, au amekaa pasiporuhusiwa. Je, kosa hilo linahalalisha damu yake? Jibu ni hapana.

Imaam An-Nawawiy katika *Minhaaj*, kitabu kinachosomeshwa katika madhehebu yetu ya Shaafi’iy, ameweka kanuni hata kwa mtu aliyeshambuliwa hasa. Mshambulizi huzuiwa kwa jambo jepesi kabisa linalotosha. Ikitosha kauli au kuomba msaada, ni haramu kumpiga. Ukitosha mkono, ni haramu mjeledi. Ukitosha mjeledi, ni haramu fimbo. Na ikitosha kumjeruhi, ni haramu kumuua. Ikiwa hivi ndivyo kwa anayeshambulia, vipi kwa aliyeketi chini na mkononi hana kitu?

Sheria za dunia zimefika hapo hapo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema mkusanyiko usio halali lakini usio na vurugu utawanywe bila ya nguvu, au kwa kiasi kidogo kabisa ikiwa haiwezekani. Silaha ya moto dhidi ya mtu ni kwa ajili ya kuokoa maisha yaliyo hatarini. Na Katiba ya 1977, ibara ya 14, inalinda haki ya kuishi, na ya 20 uhuru wa kukusanyika kwa amani.

Sita: Askari aliyeamrishwa

Katika Swahiyh mbili imepokewa kwamba kiongozi wa kikosi aliwakasirikia watu wake, akawasha moto na kuwaamrisha waingie. Wakasita. Habari ilipomfikia Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alibainisha kuwa lau wangeuingia wasingetoka, na kwamba utiifu ni katika mema tu. Mafaqihi wetu wakasema: anayetekeleza amri ya kuua huku akijua kuwa ni dhulma, wala hakulazimishwa, hukmu inamshika yeye mwenyewe. Kusema “niliamrishwa” hakumwokoi.

Saba: Sisi wa visiwani

Hatuhitaji kwenda Loliondo kuujua uchungu huu. Tarehe 27 Januari 2001 watu wa Pemba na Unguja walitoka kuandamana, wakapigwa risasi. Tume iliyoundwa na Serikali, chini ya Hashim Mbita, ilitaja waliokufa kuwa 31. Shirika la Human Rights Watch lilisema hawakupungua 35. Kiasi cha watu 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo vyama vikakaa na kutia saini Muafaka. Meza ile ingeweza kuwekwa kabla ya Januari, na watoto wasingekuwa mayatima.

Basi tunawausia wazazi yafuatayo:

1. Kijana anayetoka afundishwe kutochukua silaha wala jiwe, kulinda mali za watu na kuipa njia haki yake. Jiwe moja humpa mwenye bunduki kisingizio.
2. Kijana aliyeajiriwa polisi afundishwe kanuni ya jepesi kwanza, na ajue kuwa Suratul-Maaidah, Aayah ya 32, imeifanya nafsi moja iliyouliwa bila ya haki kuwa kama watu wote.
3. Aliyejeruhiwa atibiwe haraka, na majeraha yaandikwe hospitali, kwani haki mahakamani huhitaji ushahidi.
4. Tusishangilie kupigwa kwa wengine kwa sababu si wa dini yetu wala chama chetu. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Allaah.

Tunamuomba Allaah Azihifadhi damu za waja Wake, Awaongoze wenye mamlaka kusikiliza kabla ya kupiga, na Awape wanaodai haki subira na hekima. Aamiyn.

Wa-Allaahu A’lam.