Kabla ya Kulipia Sindano ya Bega

Kurasini, jijini Dar es Salaam, ni eneo la kazi za mabega. Kuna wapakiaji kwenye maghala na yadi za makontena kuizunguka bandari, na jirani yao Keko kuna mafundi seremala wanaoshinda wakipiga randa na kuinua mbao. Mtu wa kazi hizo akiumwa bega miezi mitatu bila nafuu, ahadi ya tiba inayootesha upya kano zilizochakaa humvutia sana. Huenda akaelezwa kuwa damu yake itazungushwa kwenye mashine, chembe sahani zikusanywe na kuchomwa begani, au kwamba zitatumika seli shina kutoka kwenye mafuta au uboho wake. Kwa maoni yangu, sindano ya chembe sahani haistahili kuwa chaguo la kwanza, na ya seli shina haifai kulipiwa kabisa kwa sasa.

Chembe sahani kweli hubeba protini zinazochochea ukuaji wa tishu. Lakini nchini Uturuki, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 40 wa kano za bega walifanya mazoezi. Nusu yao wakachomwa chembe sahani na nusu maji ya chumvi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, bila tofauti kati yao. Zipo tafiti zenye matokeo mazuri zaidi, ila namna ya kuandaa damu hutofautiana mno kati ya utafiti na utafiti, hivyo ni vigumu kujua unanunua nini. Kuhusu seli shina, mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa yoyote kwa maumivu ya viungo, na mwaka 2018 wagonjwa 12 nchini humo waliripotiwa kupata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama tiba ya seli shina.

Wapo watakaosema, mwenzetu alichomwa akapona. Huenda kweli alipona. Lakini maumivu ya bega hupanda na kushuka, na watu hukimbilia sindano yanapokuwa kileleni, wakati ambao mara nyingi yangepungua hata bila sindano. Wengine watasema mazoezi yanachukua muda na nauli. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, wenye washiriki 708, ulionyesha kuwa kikao kimoja cha ushauri mzuri, mtu akaendelea na mazoezi nyumbani, kilitosha sawa na vikao hadi sita. Sindano ya steroidi iliongeza nafuu ndogo tu, ya wiki chache.

Pingamizi zito ni kwamba Waingereza wale hawabebi magunia. Ni kweli, ila hilo linaidhoofisha zaidi sindano: kano iliyochomwa itarudi chini ya mzigo uleule. Aliyeajiriwa aombe kazi isiyovuka usawa wa bega, na ikiwa ameumia kazini adai haki yake Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kibarua wa kutwa hana nafasi hiyo kirahisi, na kwake ndiko sindano ya bei kubwa inakouma zaidi.

Yote haya yanahitaji uchunguzi kwanza. Bega lililoganda huwapata sana wenye kisukari, na maumivu mengine chanzo chake ni shingo. Aliyeanguka na ghafla akashindwa kuinua mkono asingoje mazoezi. Aende Hospitali ya Rufaa ya Temeke au taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, mapema, kwa kuwa kano iliyokatika ikichelewa hujivuta, na kuishona huwa kugumu.