Rangi ya Kwanza ya Motokaa
Jaguar E-Type, motokaa ya mbio ya Uingereza iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1961, hutafutwa sana hata leo. Nyingine hupatikana ghalani, rangi imepauka hata kuwa kama chokaa. Fundi mwenye haraka huikwangua yote, akapaka mpya. Kumbe, wasomaji, mara nyingi ni utando wa juu tu uliokufa! Mwenye subira huosha vumbi kwa maji mengi, hujaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha husugua polepole kwa dawa ya kung'arishia. Kitambaa kikishika rangi asishtuke: rangi nyingi za siku zile hazikufunikwa kwa vanishi. Lakini kwenye kingo ni nyembamba mno. Akikazana hapo, ile ya kiwandani imekwisha, wala hairudi. Mikwaruzo michache na iachwe.