Saa ya kifahari: mzazi, kagua kabla hujalipa

Fedha ya kahawa ikiingia Kalinzi, mzazi mmoja huwaza ada, mwingine huwaza saa ya kumzawadia kijana aliyehitimu. Kutoa zawadi si kosa. Kosa ni kushuka Kigoma mjini na kulipa malaki kwa sababu tu usoni pa saa pameandikwa Rolex.

Jina ndilo la kwanza kughushiwa. Wengi hutazama mshale wa sekunde: kwenye saa nyingi za betri huruka kila sekunde, kwenye saa za mashine hutiririka. Lakini siku hizi hata baadhi ya bandia hutiririka.

Kwa saa iliyotumika, omba ifunguliwe na fundi unayemwamini kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka. Namba iliyochongwa kwenye saa ilingane na ya kwenye kadi yake. Ikiwa imekwanguliwa, iache, huenda ni ya wizi. Dukani, dai risiti ya EFD. Ukiuziwa bandia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC).

Je, thamani yake? Muulize muuzaji: "Nikiirudisha mwezi ujao, utainunua kwa shilingi ngapi?" Akibabaika, umepata jibu. Saa nyingi hushuka bei mara tu zinapotoka dukani, na za mashine hudai matengenezo.

Kwa hiyo mzazi asiihesabu saa kuwa akiba. Shule zikifunguliwa, mhasibu hapokei saa. Ada itangulie, saa ifuate.