Nungwi ina bahari mbili, utabiri una moja

Kusi inapokolea, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari ambayo watu wa pwani wameizoea hata wanaweza kuimalizia: vipindi vya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, kuanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Tahadhari hiyo ni ya kweli, lakini mwenye ngalawa pale Nungwi haimjibu swali lake. Nungwi imekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja. Kusi inapovuma, upande wa mashariki hupokea wimbi lililosafiri bahari nzima bila kizuizi, huku upande wa magharibi wa Kendwa, uliokingwa na kisiwa chenyewe, maji yakitulia kiasi cha mtu kuosha vyombo. Kaskazi ikiingia, kinga hiyo hupungua. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo wa miguu tu, na namba iliyotangazwa ni ile ile.

Simu nayo haitatui jambo hili, ingawa inajigamba. Mifumo mikubwa ya utabiri huikata dunia katika miraba. Namba za mfumo wa Marekani, zinazosomwa na programu nyingi, hutolewa kwa miraba ya takriban kilomita 25. Unguja yenyewe haifiki kilomita 40 kwa upana. Namba inayoandikwa “Nungwi” basi ni makisio ya eneo pana, na kwa kawaida ni wastani wa dakika kadhaa, tena wa mita 10 juu ya uso wa maji. Tanga halipasuliwi na wastani, bali na dharuba. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: kasi ikipanda kutoka kilomita 20 hadi 40, tanga na mlingoti hubeba mzigo mara nne. Ongeza maji. Mkondo ukienda kinyume na upepo, hasa wakati wa bamvua, wimbi hufupika na kusimama wima, na upepo ule ule uliovumilika asubuhi huanza kujaza chombo mchana.

Wapo watakaosema mvuvi hahitaji kuambiwa haya, kwani anayajua tangu utoto. Kuhusu kusi na kaskazi, nakubali kabisa. Hakuna mtambo utakaomfundisha nahodha wa Nungwi lini apunguze tanga. Ila ujuzi huo umejengwa juu ya mambo yanayojirudia. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilikuja kutoka nje ya kumbukumbu: Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Unguja ilivunjwavunjwa Aprili 1872. Nani aliyebaki wa kusimulia? Kwa Hidaya, satelaiti ziliona kile ambacho mzee asingeweza kukiona, na onyo lilitangulia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba onyo pana ni salama kuliko dogo linaloweza kukosea. Lakini onyo pana nalo lina gharama. Anayekaa nchi kavu siku tatu akitazama maji shwari ya Kendwa, siku ya nne hatasikiliza, na huenda hiyo ndiyo siku yenyewe. Kumwambia upande gani, saa ngapi na maji yakiwaje kunampa kitu cha kupima kwa macho yake, hata utabiri ukikosea kidogo. Wala hakuhitaji mtambo mpya kwa kuanzia: jedwali la maji kupwa na kujaa lipo, mwelekeo wa upepo upo, na umbo la ncha ya Nungwi halibadiliki. Ubao mmoja na chaki pale dikoni vinatosha kuandika, kwa mfano: kusi, kilomita 15 alfajiri, 35 kuanzia saa nane mchana, maji yanaanza kutoka saa saba, mashariki wimbi mita 2, Kendwa nusu mita.