Je, Wajua? Nasaba ya Ncha za Bisibisi

Je, wajua kwamba herufi PH na PZ zilizochorwa ubavuni mwa ncha za bisibisi si pambo? PH ni nyota ya Phillips, iliyopata hataza nchini Marekani mwaka 1936. PZ ni Pozidriv, iliyokuja baadaye, ambayo skrubu yake ina mistari minne myembamba baina ya mikono ya nyota.

Kwa hiyo fundi wa Mwankoko, mkoani Singida, ambako pepo kali hulazimu paa lifungwe barabara, yampasa akitazame kwanza kichwa cha skrubu, ndipo aitie ncha katika drili ya betri. Kwani PH ikitumika mahali pa PZ huteleza na kukila kichwa hicho. Skrubu za bati zenye kichwa cha pembe sita hutaka soketi, aghalabu ya milimita 8.

Ama kishikizi cha kushikia ncha hizo, kichaguliwe chenye tundu la pembe sita la inchi 1/4, yaani milimita 6.35, ambacho ndicho kipimo cha mikia ya ncha nyingi. Na kikiwa na sumaku, huizuia skrubu ya chuma isianguke fundi awapo darini.