Shilingi ya Bwawa na Shilingi ya Nguzo

Miongoni mwa njia ambazo serikali hutumia kuuinua uchumi unapozorota ni kuongeza matumizi ya fedha za umma katika ujenzi, na katika ujenzi huo miradi ya umeme hupewa nafasi ya pekee, kwa kuwa hutarajiwa kutoa ajira na zabuni wakati wa kujengwa na kuwapa wazalishaji nishati baada ya kukamilika. Njia hiyo huitwa kichocheo cha uchumi. Hoja yake, iliyopata nguvu kutokana na kitabu cha mchumi Mwingereza John Maynard Keynes cha mwaka 1936, ni kwamba watu na viwanda wanapoogopa kununua, serikali inunue badala yao, na fedha hizo zitazunguka. Kibarua aliyelipwa kwa kuchimba shimo la nguzo humlipa mama ntilie, mama ntilie akanunua mchele, naye muuza mchele akamlipa mwenye lori, hata shilingi moja ikafanya kazi ya shilingi moja na zaidi. Ongezeko hilo wachumi hulipima kwa kipimo kiitwacho kizidishi, ambacho hupungua kila shilingi inapovuka mpaka kwenda kulipia bidhaa ya nje.

Serikali ya Tanzania imewahi kutumia vichocheo vya wazi. Juni 2009, msukosuko wa fedha wa dunia ulipokuwa umeangusha bei za pamba na kahawa, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa takriban shilingi trilioni 1.7, ambao sehemu yake ililenga kuwanusuru wanunuzi wa mazao waliopata hasara. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulielekezwa katika madarasa, afya na maji. Madarasa 15,000 yalijengwa kwa miezi michache, kwa sababu kila wilaya ina waashi, maseremala na wauza mchanga wanaoweza kuanza kazi wiki hiyohiyo. Umeme haukuwa kiini cha mipango hiyo miwili, na sababu yake inaonekana vizuri katika historia ya bwawa kubwa kuliko yote nchini.

Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulitiwa saini Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.5 ambazo Serikali iliamua kuzitoa yenyewe. Ujazaji wa maji ulianza Desemba 2022, mashine ya kwanza ya megawati 235 ikaingiza umeme katika gridi mwanzoni mwa mwaka 2024, na kufikia mwaka 2025 mashine zote tisa zilikuwa zimekamilika, jumla yake megawati 2,115. Mradi wa namna hiyo hauwezi kuwahi mdororo wa uchumi unaotokea ghafla, kwani janga la UVIKO-19 lilikuja na kupita huku ukuta ukiendelea kumwagwa zege. Ni kweli kwamba maelfu ya Watanzania walipata ujira Rufiji na viwanda vya saruji vikapata soko, lakini mitambo mikubwa ya kufua umeme haitengenezwi nchini, na fedha zilizoilipia zilitoka nje bila kuzunguka katika soko la Ikwiriri wala la Chalinze.

Bwawa hilo lina thamani kubwa kwa sababu nyingine. Nchi iliyoingia katika mgawo wa umeme Septemba 2023 ilitoka katika mgawo huo mwaka uliofuata, na kufikia Aprili 2024 baadhi ya vituo vingine vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Umeme wa Rufiji husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi kituo cha Chalinze, kisha hugawanywa kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Hata hivyo, Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme mwingi hupotea njiani unaposafirishwa mbali. Kufua umeme ni kazi moja. Kuufikisha kwa mtumiaji ni kazi nyingine, na hii ya pili ndiyo inayostahili kuitwa kichocheo.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Sehemu ya fedha zake huonekana katika risiti ya LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ambapo chini ya kodi ya ongezeko la thamani hukatwa asilimia 3 iliyoandikwa jina la wakala huo, hivyo mwenye umeme humchangia asiye nao. Nguzo hutoka katika misitu ya Mufindi na Njombe, transfoma hutengenezwa Arusha, nyaya Dar es Salaam, na mashimo huchimbwa na vijana wa kijiji kinachopelekewa umeme. Shilingi ya nguzo hukaa nchini kwa muda mrefu zaidi kuliko shilingi ya bwawa, tena huanza kuzunguka mapema, kwa sababu laini ya kitongoji hujengwa kwa miezi wala si kwa miaka. Marekani ilipata faida ya namna hiyo kuanzia mwaka 1935, ilipounda shirika la kupeleka umeme vijijini wakati ambapo takriban shamba moja tu katika kumi lilikuwa na umeme, na shirika hilo likavikopesha vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe vivute laini.

Mapinga ni mahali pazuri pa kuupimia mtazamo huu. Kata hiyo ya Wilaya ya Bagamoyo iko kando ya barabara ya Bagamoyo, mara baada ya Bunju, ambapo viwanja vinapimwa na nyumba zinapanda kwa kasi inayolishinda shamba la mikorosho na minazi. Umeme ukifika mahali kama hapo hauishii kwenye taa na televisheni, kwa maana mchomeleaji wa mageti anauhitaji, mwenye mashine ya kufyatua matofali anauhitaji, mwenye kisima anauhitaji kwa pampu, na muuza samaki kwa friza. Wengine wao hawatoshelezwi na umeme wa njia moja unaotumika majumbani, bali huhitaji wa njia tatu, unaoziwezesha mota kubwa kufanya kazi. Pia transfoma iliyowekwa kwa ajili ya kaya chache huzidiwa kaya zinapoongezeka, na jioni, wakati kila mmoja amewasha chake, nguvu ya umeme hushuka hadi mota ya friza ikanguruma bila kuzunguka. Mfanyabiashara huyo hukosa mapato hata kama Rufiji kumejaa maji.

Jambo linalotia uchungu zaidi ni gharama ya kuunganishwa. Tangu Januari 2022, baada ya kipindi ambacho shilingi 27,000 ilitozwa karibu kila mahali, bei hiyo ilibakizwa kwa vijiji, na mteja wa mjini wa njia moja aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo akatakiwa kulipa shilingi 320,960, mbali na gharama za kutandaza nyaya ndani ya nyumba. TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilikuwa na hoja ya msingi, kwani nguzo, waya na mita hugharimu zaidi ya shilingi 27,000, na shirika haliwezi kuendelea kuuza kwa hasara. Lakini mpaka kati ya kijiji na mji hauonekani kwa macho katika ukanda huu wa pwani, na fundi cherehani aliyehama Tegeta kwa kushindwa kodi ya pango hana laki tatu za kulipa kwa mkupuo kwa sababu tu eneo lake limeitwa mji. Serikali iliyotumia matrilioni kufua umeme inamkosa mteja ambaye angeununua kila wiki kwa miaka mingi.

Njia ya kumsaidia ipo tayari. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kidogokidogo kupitia LUKU, hivyo mita inayoweza kukata kodi kila mwezi inaweza pia kukata deni la kuunganishwa kwa awamu, fundi akaanza kushona leo na kulipia waya kwa mapato ya cherehani yenyewe. Gharama halisi haisamehewi, shirika linalipwa chote, na mtaji unaotakiwa kutoka hazina ni ule wa kutangulizia malipo hayo, fedha ambayo hurudi na kumuunganishia jirani anayefuata.